Fundi Aliyelala Ndani ya Jeneza

Kila asubuhi mke wa fundi seremala humpelekea mumewe chai karakanani. Husikia randa kabla hajafika: shwaa, shwaa. Siku hiyo hakusikia kitu.

Aliingia. Msumeno ulikuwa ukutani. Maranda yalitapakaa sakafuni. Katikati palikuwa na jeneza jipya, wazi, na magoti mawili yamechomoza kutoka ndani yake.

"Baba watoto!"

"Usipige kelele. Humu siumwi."

Mumewe alikuwa amelala chali, magoti yameegemea ubavu wa jeneza, macho yakitazama dari. Kwa wiki tatu mgongo ulikuwa ukimtesa. Alikandwa kwa maji ya moto. Mdogo wake akamkanyaga mgongoni. Wapi! Maumivu yalizidi. Humo jenezani tu ndimo yalimonyamaza. Akiinuka, yalimrukia, kana kwamba yalimngoja ukingoni.

"Na hili jeneza ni la nani?"

Fundi alipapasa mbao za jeneza. Kisha akasema, "Langu. Nimejipima mwenyewe. Linaniita, mama watoto. Mtu akiitwa, atakataaje?"

Mke aliiweka chai chini. Hakuwa mtu wa kulia kabla ya msiba.

"Lala hapo hapo. Ukifa kabla sijarudi, tutagombana."

Alirudi na jirani yao, mtaalamu wa tiba ya viungo katika kituo cha afya. Wagonjwa walimwita Bi Taratibu. Alichungulia jenezani, akaguna.

"Shemeji, miguu inakufa ganzi? Mkojo unakutoka bila kujua? Una homa? Ulianguka?"

"Hapana."

"Ungesema ndiyo, tungekwenda hospitali sasa hivi. Yalianzaje?"

"Nilikuwa nimeinama muda mrefu, napiga randa. Kifuniko cha jeneza la mteja kikaanguka nyuma yangu, puu! Nikashtuka, nikanyooka ghafla."

Bi Taratibu alipenyeza mkono chini yake, akabonyeza mgongo. Fundi alitulia. Akabonyeza tumboni, chini, karibu na mfupa wa nyonga. Fundi akapiga yowe.

"Mgongo uniume nyuma, jeraha liwe mbele? Huu si uchawi?"

"Ni msuli unaotoka uti wa mgongo hadi mbele ya nyonga. Ulipoinama ulilegea, uliponyooka ukavutwa ghafla. Ndani ya msuli kuna vihisi vidogo, kama walinzi. Tunadhani mlinzi alishtuka, akapiga kelele, 'Nachanika!' Msuli ukajikaza. Mwizi hayupo tena, lakini mlinzi hajanyamaza. Ukimkanyaga, anazidi. Hiyo ni nadharia, shemeji. Hakuna aliyeingia mle akamwona."

"Na jeneza je?" mke aliuliza.

"Lilimkunja tu. Msuli ukalegea, mlinzi akatulia. Kosa lake ni kuinuka kwa pupa."

Aliyakunja magoti ya fundi kuelekea kifuani, akayalaza kidogo upande. Kidole chake kilibaki pale pale penye maumivu.

"Sasa?"

"Yamepungua."

Akasogeza magoti kidogo tena. "Sasa?"

"Hakuna kitu. Umeondoa kidole?"

"Sijakiondoa. Usinisaidie. Legea, uwe mzigo."

Mke alitazama saa, akahesabu sekunde tisini kama alivyoagizwa. Chini ya kidole cha Bi Taratibu kitu kilidundadunda, kisha kikaachia.

Fundi alinong'ona, "Kuna aliyeondoka."

Mke aligeuka kutazama mlango. Hapakuwa na mtu.

"Sasa tunarudi," alisema Bi Taratibu, "polepole mno, mlinzi asiamke." Alishusha mguu mmoja, kisha wa pili. Shughuli hiyo peke yake ilichukua muda wa kunywa chai.

Fundi alisimama. Alishika ukingo wa jeneza, akangoja maumivu yamrukie. Hayakuja.

Kwa siku mbili alikatazwa kunyanyua kitu kizito. Kila siku alilala sakafuni, miguu juu ya benchi fupi, sekunde tisini, kisha akainuka kama mtu anayechelea kumwamsha mtoto aliyelala. Kazini alijifunza kupumzika mara kwa mara na kunyooka bila haraka. Baada ya wiki mbili alikuwa akipiga randa kutwa.

Benchi lenyewe alilitengeneza kwa mbao za lile jeneza. Liko sebuleni mpaka leo. Wageni wakiuliza kwa nini lina vishikio vya jeneza, mke huwamiminia chai na kujibu, "Mwenye nalo aliahirisha."