Mkia wa Ndege ya Meneja

Kila jioni akitoka shule, Selpha alipitia karakana ya baba yake, Fundi Barasa, kufagia maranda. Baba alikuwa seremala wa shamba la kahawa huko Ruiru, na nyumba waliyolala ilikuwa ya shamba. Kazi ikiisha, nyumba nayo imekwisha.

Mwezi ule kazi ilikuwa ndege. Si ile ya kubeba watu, la. Ilikuwa ndogo, ya mbao nyepesi kabisa, na meneja wa shamba aliipindua juu chini angani kwa redio, mwenyewe amesimama nyasini. Barasa aliitengenezea mabawa mapya. Kisha akaiinua kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa mpaka ikatulia, haiinami mbele wala nyuma, akachora alama hapo.

"Ikilemea pua, inakuwa mvivu, haitaki kupinduka," alimweleza Selpha. "Ikilemea mkia, hakuna wa kuishika."

Kesho yake, Selpha akifagia, mpini wa ufagio uligonga mkia wa ndege, mkia ukapasuka. Selpha akafanya alivyomwona baba akifanya kwa miguu ya viti: kijiti cha mvule, gundi tele, rangi nyekundu juu. Hakumwambia mtu.

Jumamosi meneja alipoirusha, ndege iliinua pua, ikasita, ikaangukia mibuni. Mabawa yalipona, lakini meneja alikunja uso.

"Barasa, una wiki moja. Ikishindikana, nitatafuta fundi mwingine Thika."

Barasa akaiinua tena kwa vidole. Mkia ukashuka. Akasogeza betri mbele mpaka ikagota, mkia ukashuka vilevile. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, ni kupima tu. Selpha alisimama mlangoni akimtazama. Kila alipotaka kusema, aliogopa, akanyamaza, na jamani, kunyamaza kulikuwa kunamuumiza zaidi.

Ijumaa alimkuta baba akitia patasi na misumeno ndani ya gunia.

"Baba, unaenda wapi?"

"Kumwambia meneja atafute mwenye mikono. Miaka kumi na sita ninapima mbao, mwanangu. Sasa vidole hivi vinanidanganya."

Selpha aliangua kilio, akaeleza yote, kuanzia ufagio mpaka rangi.

Barasa aliliweka gunia chini. Alikwangua rangi, akakitoa kile kijiti kizito cha mvule, akaziba ufa kwa ubao mwembamba, mwepesi. Akairudisha betri mahali pake. Akaiinua ndege, nayo ikatulia. Alikaa chini kwenye benchi, akapumua.

Jumamosi asubuhi Selpha mwenyewe alimweleza meneja yaliyotokea. Meneja akairusha ndege, ikapinduka mara tatu, ikatua salama. Akamwambia Barasa aje kazini Jumatatu kama kawaida.

Njiani kurudi nyumbani, Barasa alimshika binti yake bega.

"Ule ufa ulikuwa kazi ya nusu saa tu, Selpha. Ukiharibu kitu, niambie siku hiyohiyo. Wiki nzima nimetafuta kosa mikononi mwangu, na wewe ulikuwa unanitazama."