Bwana Harusi Aliyekwenda Kashi Kweli

"Vaidehi, inuka! Mchumba wako anaondoka kweli!"

Dada yangu Ranjani alisimama mlangoni anahema. Mimi nimeketi na maua tele kichwani, hariri nzito mwilini, nikacheka.

"Si anakwenda Kashi? Kila bwana harusi huenda."

Ndiyo mila yetu. Kabla ya ndoa, bwana harusi hushika mwavuli na fimbo, akajifanya ameukataa ulimwengu, anakwenda Kashi, mji mtakatifu wa mbali kaskazini mwa India, kuwa mtawa. Baba wa bibi harusi humbembeleza: rudi, nakupa binti yangu. Anarudi, watu wanacheka, kazi inaendelea.

"Wenzake huenda hatua kumi," Ranjani alisema. "Badri amepita lango, amepita soko la maua. Baba anamkimbilia na shuka la kiunoni kalikunja mkononi!"

Kicheko kilinikauka. Saa njema ya kufunga ndoa ilikuwa inaisha saa tatu na nusu, na wageni elfu moja na mia mbili walikuwa ukumbini. Nikampigia.

"Badri, uko wapi?"

"Kituo cha basi."

"Unanitania?"

"Sikutanii. Vaidehi, ulijua baba yako anauza mgahawa?"

Sikujua. Ule mgahawa wa dosa, chapati nyembamba za mchele, ndio uliotusomesha.

"Nani kakwambia?"

"Ambi, mpishi wenu. Asubuhi kaniaga analia, Jumatatu anapata bosi mwingine. Mnunuzi anakuja leo mchana kutia saini. Pesa ni za lile gari alilodai mama yangu, na tafrija ya jioni."

Tafrija ya jioni niliidai mimi. Waimbaji kutoka Chennai, jukwaa la maua, picha za kuwaringishia marafiki. Baba alisema "sawa mwanangu" bila kupepesa jicho, nami sikuuliza pesa zinatoka wapi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Futa tafrija," nilisema. "Siitaki. Ila rudi, Badri. Nakuomba."

"Usikate simu. Baba yako amefika."

Nikaisikia sauti ya baba, pumzi juu juu.

"Mwanangu, usiende Kashi. Nakupa binti yangu."

"Binti namtaka, Baba. Gari silitaki, lirudi dukani. Na mgahawa hauuzwi."

"Watu watasema nimemwoza binti yangu kimaskini!"

"Watu watakula wali wako, watasema chumvi imezidi, watakwenda zao. Wewe utabaki na nini?"

Kisha nikasikia bangili zinagongana. Mama mkwe, mama Kamalam, amefika.

"Badri! Unanivua nguo mbele za watu? Binamu yako alipewa gari!"

"Na baba mkwe wake yuko wapi sasa, Mama? Si anaishi kwa shemejiye? Mimi narudi bila gari, au napanda basi hili. Chagua."

Honi ya basi ikalia.

"Shuka kwenye hiyo ngazi," mama Kamalam alisema mwishowe. "Joto litakuua na huo mwavuli umeufunga. Twende, saa inapita."

Nikasikia mtu analia kwa kwikwi. Alikuwa baba.

"Nimeshukuru, mwanangu. Miezi mitatu sijalala."

Saa tatu na dakika ishirini na sita, Badri alinifunga kidani cha ndoa shingoni, miguu yake imejaa vumbi.

"Kashi kukoje?" nilimnong'oneza.

"Mbali. Basi lilikuwa linakwenda Tanjore, hapo jirani tu."

Mnunuzi alipofika mchana, baba alimpa kahawa na kumwambia safari njema.

Jumatatu tulikwenda mgahawani. Ambi alikuwa jikoni akigombana na sufuria kama kawaida. Baba mwenyewe alituletea dosa mbili na kahawa, kisha akaweka bili mezani.

"Baba," Badri alishangaa, "hata mkwe?"

"Mkwe hasa. Si ulikataa vya bure?"

Tukacheka mpaka wateja wakageuka. Badri alipapasa mifuko, akakuta pochi kaisahau nyumbani, akanitazama. Nililipa mimi, na sijawahi kulipa bili kwa furaha kama ile.