Wasifu wa Mtu Aliye Hai

Kila jioni baada ya kutoka shule, Kasuku alifua soksi zake, akazianika dirishani, kisha akaketi mezani kufanya kazi za shule. Jina la Kasuku alipewa na baba yake alipokuwa anajifunza kuongea, kwa sababu kila neno alilolisikia alilirudia. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alikuwa amefariki mwaka uliopita, lakini jina lilibaki.

Upande wa pili wa meza, pale alipozoea kukaa Baba, siku hizi alikaa dada yake. Dada alikuwa amehitimu chuo katika upimaji wa maji. Kutwa alikuwa na simu mkononi, akiinyanyua kuelekea dirishani kutafuta mtandao.

"Imekataa tena!" Dada alisema Ijumaa hiyo. "Walitaka picha, nimeweka picha. Walitaka namba, nimeweka namba. Sasa wanasema, 'Jieleze wewe ni nani.' Mimi ni nani! Mimi ni mtu asiye na kazi, basi."

Mama yao, fundi cherehani, hakuinua macho kutoka kwenye gauni la mteja. "Polepole, mwanangu. Simu haina kosa."

"Mama, siku hizi wanaoajiri wanakutafuta mtandaoni kwanza. Wasipokuona huko, ni kama hukuzaliwa. Nimetuma maombi mpaka vidole vinauma, na hakuna hata mmoja aliyeniambia hapana!"

Maabara ya maji ya mji ilikuwa inatafuta msaidizi. Mwisho wa maombi ulikuwa Jumamosi saa sita mchana, na kila mwombaji alitakiwa kuwa na ukurasa wake mtandaoni. Anwani ya ukurasa Dada alikwisha kuituma. Kilichobaki ni kuujaza. Picha aliipiga mbele ya shuka jeupe, akaigeuza iwe nyeusi na nyeupe ili rangi ya ukuta iliyobambuka isionekane pembeni. Hakucheka. Aliambiwa watu wa maofisini hawacheki.

"Gauni limekwisha," Mama alisema. "Lipeleke haraka, mteja analivaa leo."

"Sasa hivi? Mama!"

"Sasa hivi."

Dada alishusha pumzi kwa nguvu, akamsukumia Kasuku simu. "Haya, nisaidie. Kabatini kuna faili la bluu. Ndani yake kuna mfano wa wasifu, nilipewa na rafiki yangu wa chuo. Nakili vilevile, badilisha jina tu na chuo. Usiongeze maneno yako."

Kasuku alifungua faili. Humo zilihifadhiwa karatasi zote za nyumba: vyeti, picha, kadi za kliniki. Karatasi ya juu kabisa ilikuwa na neno WASIFU kwa herufi kubwa. Aliifahamu. Ilisomwa na baba mdogo siku ya mazishi ya Baba, na Kasuku alikuwa amesimama nyuma yake. Ulikuwa wasifu pekee ambao Kasuku amewahi kuusikia, na kila mtu alisema umeandikwa vizuri. Kumbe Dada anataka kama wa Baba, akawaza.

Akanakili. Mahali pa "mtoto wa tatu" aliandika "mtoto wa kwanza". Sehemu ya kuugua aliiruka, kwa kuwa Dada hakuwa mgonjwa. "Enzi za uhai wake alikuwa mchapakazi, mwaminifu, na mwenye ushirikiano na watu wote." Mwisho kulikuwa na maneno "Daima tutamkumbuka." Aliyaacha. Aliona yatawafanya watu wa maabara wasimsahau dada yake.

Akabonyeza "Hifadhi". Mtandao ukapeleka habari kwa kila mtu ambaye namba yake ilikuwa kwenye simu ile.

Dada aliporudi, simu ilikuwa imezima kwa kuisha chaji. "Umemaliza? Asante," alisema, akaichomeka ukutani bila kuiangalia.

Asubuhi, Dada akiwa na mswaki mdomoni, mlango ulipigwa kama unataka kung'olewa. Alipofungua, Shangazi aliingia akilia, mikono kichwani.

"Jamani mtoto wa kaka yangu! Jamani hata mwaka haujapita vizuri!" Kisha akamwona. Kilio kikakatika. "Wewe! Si umekufa wewe?"

"Shikamoo, Shangazi," Dada alisema, povu likimtoka.

"Marahaba... Hebu ngoja. U mzima? Sasa mimi machozi yote haya nimemlilia nani?"

Dada aliwasha simu. Ilianza kulia na haikunyamaza. Chini ya picha yake nyeusi na nyeupe watu walikuwa wamejipanga: "Pumzika kwa amani, binti mpole." "Siamini, juzi tu tulikuwa wote." Seremala wa jirani aliandika, "Duniani tunapita." Baba mdogo aliuliza mazishi ni lini ili aombe ruhusa kazini.

Dada alikaa chini. "Mwaka mzima natafuta kazi, hakuna aliyeniandikia hata neno moja. Nimekufa usiku mmoja tu, mtaa mzima umenijua!"

Kabla hajamgeukia Kasuku, simu ililia tena. Namba ilikuwa ngeni.

"Samahani kwa kuwasumbua wakati huu mgumu," ilisema sauti ya mwanamke, ya upole sana. "Mimi ni msimamizi wa maabara ya maji. Tuliona ombi la marehemu, tukasema tuipe pole familia."

Dada akajibu, "Mimi ndiye marehemu."

Dada akaeleza kila kitu. Msimamizi alikohoa kwa muda mrefu, na hata Kasuku alijua kwamba hakuwa na kikohozi, bali alizuia kicheko.

"Binti, pole na hongera kwa kuwa hai," alisema mwishowe. "Lakini nikuambie ukweli. Hata usingekufa, nisingekuita. Nimeusoma ukurasa wako mara mbili na sijui unaweza kufanya nini. Kila mtu ananiandikia kwamba ni mchapakazi. Urekebishe. Saa sita nafunga."

Simu ilipokatika, Dada alimlipukia mdogo wake: "Kasuku kweli wewe! Umenizika nikiwa hai! Huoni hata imeandikwa 'enzi za uhai wake'?"

"Uliniambia nibadilishe jina tu!" Kasuku akaanza kulia. "Ulisema nisiongeze maneno yangu!"

"Ndiyo, lakini ule mfano wangu ulikuwa..." Dada alilivuta faili, akapekua mpaka chini, akatoa karatasi ya rafiki yake. "Huu hapa! Unaona tofauti?"

Mama aliichukua. Akaichukua na ile ya Baba, akaziweka mezani ubavu kwa ubavu, akasoma polepole huku akifuatisha kwa kidole. "Hapa, mchapakazi, mwaminifu, mwenye ushirikiano na watu wote. Na hapa, mchapakazi, mwaminifu, mwenye ushirikiano na watu wote." Akamtazama Dada. "Sioni tofauti. Wewe unaiona?"

Dada akaikunja karatasi ya rafiki yake.

"Mimi naona dawa ni moja," Shangazi alidakia, huku akijifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake. "Andika umewahi kuwa meneja. Miaka mitatu! Nani atakwenda kuchunguza?"

"Wifi, mtoto amekufa jana kwa maneno ya kunakili," Mama alisema. "Leo unataka afufuke na maneno ya uongo?"

Shangazi akacheka, akaomba chai.

"Sasa niandike nini?" Dada alifoka. "Sijawahi kuajiriwa! Sina kitu!"

Kasuku alijipangusa pua. "Si ulipima maji ya tangi letu la shule?"

"Ile ilikuwa kazi ya chuo. Haihesabiki."

"Tuliacha kuumwa matumbo," Kasuku alisema. "Ulichemsha chupa, ukanifundisha nisishike mdomo wake kwa ndani. Uliandika kila chupa imetoka bomba gani kwa ule wino usiofutika, mpaka kitambaa cha meza kikaharibika. Halafu ukamwambia mwalimu mkuu mfuniko wa tangi umepasuka. Hakukusikiliza. Ukarudi tena na majibu ya maabara, ndipo mfuniko ukabadilishwa."

Dada alikitazama kitambaa cha meza. Doa la wino lilikuwa bado pale, karibu na kiwiko chake.

"Anza na hilo," Mama alisema.

Haikuwa rahisi. Aliandika akafuta, akaandika akafuta. Mtandao ulikatika, akaigonga simu kwa kiganja. Kila alipokwama alirudi kwenye "mchapakazi", na kila mara Mama aliuliza, "Ulifanya nini?" mpaka Dada akataka kuitupa simu nje. Picha mpya walipiga uani mchana kweupe. Shangazi alisimama nyuma ya Kasuku, aliyeshika simu, akiigiza jinsi alivyoingia analia, na Dada alikuwa anacheka picha ilipopigwa. Aliiweka hivyohivyo, ina rangi zake zote, akabonyeza "Hifadhi" saa sita ikikaribia kabisa. Shangazi akawa wa kwanza kuandika chini yake: "Ni mzima. Nimemwona kwa macho yangu."

Jumatatu msimamizi alipiga simu. Alitaka kusikia zaidi habari za mfuniko wa tangi. Alimwita Dada maabara, akampa chupa na kumtazama anavyozishika, kisha akampa kazi kwa miezi ya majaribio. Wenzake wanamwita Marehemu mpaka leo, naye anaitika.

Jioni ya siku Dada alipopata kazi, Mama alizima cherehani akawaita wote wawili. "Karatasi ya baba yenu inasema alipendwa na watu wote," alisema. "Si kweli. Mwenye nyumba hakumpenda hata siku moja, kwa sababu baba yenu alimwambia wazi kuhusu bomba bovu. Maneno yale yalimfaa kila mtu, ndiyo maana hayakumfaa yeye. Mkitaka kujulikana, semeni mlichokifanya kweli, hata kama ni kidogo. Msiazime maneno ya mtu mwingine. Na wewe Kasuku, siku nyingine ukiambiwa unakili, soma kwanza."

Kasuku aliirudisha karatasi ya Baba kwenye faili la bluu. Kisha alifungua daftari lake, akachukua kalamu. Hapakuwa na mfano wa kufuata. Akaandika:

"Baba yangu alipiga mluzi kabla ya kufungua mlango, ili tujue ni yeye."