Mtoto Aliyepata Zote

Jioni ile nyumba ilikuwa imetulia. Fundi cherehani alikuwa kibarazani akimalizia pindo la sare, mumewe, mchomea vyuma, amekaa ngazini akinawa masizi, na binti yao Kibibi, anayesoma chekechea, yuko sakafuni akipanga vipande vya vitambaa. Walikuwa watu wa kupendana na kutaniana, hilo siwanyimi. Ndipo mwalimu wa chekechea akapiga hodi.

Alileta kazi. Alitaka kitambaa kipana chenye mifuko, kila mfuko uingie picha moja.

"Wiki ijayo napima watoto kabla hawajaenda darasa la kwanza," alieleza. "Nafunika mdomo kwa ubao, natamka sauti, mtoto ananionyesha picha ya kitu kinachoanza na sauti hiyo. Naanza na samaki, halafu mpira, kisha kikombe, hivyo hivyo mpaka mwisho. Nishonee kwa mpangilio huohuo nisije nikachanganyikiwa."

Kisha akashusha pumzi. "Mama Kibibi, huyu wako ananitia wasiwasi. Akiniangalia usoni, ananijibu. Akinipa mgongo, ni kama naongea na ukuta. Tumpime tuone kasoro iko wapi."

Kibibi hakuinua hata kichwa. Lakini neno kasoro lilimchoma mama yake.

"Mwanangu hana kasoro, mwalimu. Ana ukaidi tu, kaurithi kwa shangazi zake."

"Shangazi zake wamekukosea nini tena leo?" mumewe akauliza kule ngazini. Wakacheka wote, hata mwalimu, na jambo lenyewe likapita hivyo hivyo.

Sasa wazazi wenzangu, tazameni akili ya mtu anayeogopa aibu. Fundi alipomaliza kushona hakukipeleka kitambaa mara moja. Alikitundika ukutani kwake, akamkalisha mtoto mbele yake. Samaki mkunje angali mbichi, alijiambia. Akamshika kidole: gusa mfuko huu, kisha huu, kisha huu. Mwalimu akikutazama, gusa. Akikutazama tena, gusa unaofuata. Mtoto alilia mwanzoni, baadaye akazoea. Na kuandika jina, ambako nako watoto walipimwa, vilevile: mama alilichora kwa chaki ya kushonea, Kibibi akafuatisha mistari mpaka mkono ukakariri, bila kujua hata mstari mmoja unasema nini.

Siku hizo masikio ya mtoto yalikuwa yakitoa maji yenye harufu. Kila asubuhi mto wake ulikutwa umelowa. Mama aliyaziba kwa pamba.

"Tumpeleke hospitali, mke wangu," mchomea vyuma alisema.

"Apimwe kwanza. Wakimwona na pamba masikioni watamrudisha nyuma, na watoto wa majirani wote wanapanda. Utaiweka wapi sura yako?"

Mume akanyamaza. Alikuwa mtu asiyependa ugomvi, na nyumba nyingi zimeharibiwa na wanaume wasiopenda ugomvi. Asubuhi ya kupimwa, Fundi alitoa ile pamba kwa mkono wake, akamfuta mtoto masikio, akampeleka.

Kibibi alipata zote. Mwalimu alimkumbatia na kumwomba mama radhi kwa wasiwasi wake. Kila mteja aliyeleta nguo siku hizo alisimuliwa, atake asitake. Na hospitali? Nani ampeleke hospitali mtoto aliyefaulu?

Darasa la kwanza watoto walikuwa wengi, na mwenye matokeo mazuri aliwekwa nyuma kabisa, kwa kuwa hahitaji kusaidiwa. Mwalimu wa huko alifundisha akiandika ubaoni, mgongo kwa watoto. Haikuchukua muda Kibibi akaitwa mzembe. Nyumbani alipigwa.

"Chekechea ulipata zote. Huku umelogwa?" mama yake alimfokea, na mtoto akamkodolea macho mdomoni, akijaribu kufuata. Fundi akaona ni jeuri, akamwongeza kofi. Taratibu mtoto akaacha kuuliza maswali, kisha akaacha kuongea na wenzake.

Ikaja siku ameamka na homa kali, nyuma ya sikio pamevimba. Hapo ndipo walipokimbia hospitali. Alipasuliwa, akalazwa, akapona homa. Kisha daktari wa masikio akamweka mezani ampime. Akampangia picha, akafunika mdomo kwa karatasi, akamtazama kabla hajasema lolote. Kibibi akagusa picha ya kwanza. Daktari akashangaa, akanyamaza, akamtazama tena. Akagusa ya pili. Hivyo hivyo mpaka ya mwisho, na daktari hakuwa ametamka hata sauti moja.

"Nani alimfundisha hivi?" daktari aliuliza.

Mchomea vyuma alimwangalia mkewe. Mkewe aliangalia sakafu.

"Usaha umekula vifupa vya ndani," daktari akasema. "Sikio la kulia limekwenda. La kushoto limebaki kidogo sana. Mngemleta yalipoanza kutoa maji, huenda dawa ya matone ingetosha."

Kibibi, asiyejua kinachosemwa, alimgeukia mama yake akitabasamu. "Mama, nimepata zote?"

"Umepata zote, mwanangu," Fundi alijibu akilia, uso kauficha kwenye viganja. Na mtoto, kwa kuwa hakuiona midomo yake, akauliza tena.

Mafunzo

Mtoto mdogo hapimwi ili ashindane. Anapimwa ili ijulikane wapi ashikwe mkono. Ukimkaririsha majibu umemdanganya mwalimu, lakini atakayeumia ni mwanao. Nanyi walimu, kipimo kisichobadilika mpangilio hakipimi kitu, na moyo ukikuonya juu ya mtoto, usiubishie kwa sababu amepata alama. Na akina baba, kunyamaza si upole. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwa Kibibi kifo hakikuja, na mama yake bado anajifariji kwa hilo. Mimi simfariji.