Ghorofa Mbele ya Dirisha la Mchoraji

"Soma hii kabla hujalala."

Nesi ndiyo kwanza anatoka zamu ya usiku, kichwa kizito, macho mekundu. Mkewe, ambaye ni mchoraji, alimnyooshea simu bila kugeuka, brashi mkono wa pili. Nje, mawingu ya majira ya baridi yalikuwa yanabadilika juu ya ziwa, na yeye alikuwa anawahi kuyachora.

Ujumbe ulitoka kwa jirani: "Shemeji, leo mafundi wanapima kiwanja changu hapo mbele yenu. Ghorofa tatu tu. Mumeo ameridhia, nashukuru sana."

Nesi alipaliwa na mate yake mwenyewe.

"Umeridhia nini?" mchoraji akauliza. "Mimi kazi yangu yote iko kwenye dirisha hili. Sasa nitachora ukuta?"

"Jirani alinibana sana, mke wangu..."

"Alikubana?" Akapiga simu kwa jirani, akaweka spika.

"Shemeji, salama?" jirani akaitika. "Mimi nilishakata tamaa, najua unavyolipenda hilo anga. Mumeo ndiye aliyenifuata. Akasema nijenge tu."

Mchoraji akakata simu. Nesi akakaa chini palepale mlangoni.

"Kwa nini?" Sauti ya mchoraji ilikuwa imechoka, haina hata hasira. "Ungekuwa na mwanamke nje, ningejua pa kuanzia."

"Hunioni. Narudi, nakuta mgongo. Nakwambia mgonjwa wangu amefariki, unaniambia subiri, wingu linapita. Nimesubiri mpaka nikalionea wivu anga. Mtu mzima mimi!"

"Si ungenigombeza tu?"

"Nguvu za kugombana nazitoa wapi? Zote zinaishia wodini."

Kisha nesi akaichukua simu, akampigia jirani mwenyewe.

"Bwana, nimeghairi. Usijenge. Nitakuja kukuomba radhi."

"Nyie watu mtaniua kwa presha!" jirani akafoka, akakata.

Mchoraji akageuka mzima mzima. Huyu ndiye mtu anayetofautisha kijivu cha mvua na kijivu cha theluji bila kukosea, na sasa alikuwa anakikodolea macho kidevu cha mumewe.

"Hizo mvi zimeanza lini?"

"Mwaka juzi."

"Mwaka juzi?"

"Mwaka juzi, mke wangu."

Akaiacha brashi hapo hapo. Akapiga magoti mbele yake, machozi yanamtoka, akaanza kumfungua kamba za viatu.