Mluzi wa Albert

"Kurumbiza iko mu ile Hilux. Usiache inapanda avion."

Mkuu wake alikata simu. Sephora Kanyinda alikoleza Yamaha, akaipita Hilux iliyobeba jeneza.

Watu walioshuka kwenye baiskeli zao kwa heshima walimlaani. Kamina hakuna anayepita maiti.

Kwenye kizuizi cha Base ya Kamina, uwanja wa ndege wa jeshi, alimwonyesha Ajida Mbiya, askari wa zamu, kitambulisho cha idara ya ujasusi. Hilux ikasimama nyuma yake. Kando ya jeneza waliketi wabebaji, wote wanaume.

"Fungula," alisema Sephora.

Cyprien, mkuu wa magendo, aliteremka akiwa amevaa suti nyeusi. "Huyu njo ndugu yangu, mama. Alikufwa na kolera. Munapenda kufwa bote?"

Mbiya alivua kofia, akarudi nyuma. "Mama, minyi siwezi kufungula kolera. Niko na batoto."

"Ajida, weye njo muntu wa hapa. Uliona wapi maiti ya Kamina bila mama hata mumoja wa kulia?"

Mbiya alikuna kichwa. Bado aliogopa. Uwanjani, propela za Antonov zilianza kuzunguka.

Kurumbiza huyo ni ndege wa misitu ya São Tomé, hapatikani kwingine duniani. Albert, mpenzi wake Sephora na jasusi mwenzake, alipigwa risasi kule akimlinda. Kabla ya kufa alimtumia Sephora mluzi aliourekodi kwa simu, akiuiga wimbo wa ndege huyo. Tangu mazishi Sephora hakuwa ameusikiliza. Aliiogopa sauti ile kuliko bastola.

Alitoa simu yake ya Tecno. Akabonyeza.

Mluzi wa Albert ukatoka.

Sephora aliisogeza simu karibu na jeneza.

Kisha jeneza likaitika.

Wabebaji waliruka, wakakimbilia vichakani. Walikodiwa kubeba maiti. Hakuna aliyewaambia maiti inaimba.

Cyprien alipeleka mkono kiunoni. Bastola ya Sephora ilikuwa imekwisha kumgusa shingo.

Mbiya alipiga ishara ya msalaba, akamfunga Cyprien pingu. "Ndugu yako anaimba muzuri," alisema.

Sephora aling'oa kifuniko. Ndani ya tundu lililozungushiwa vitambaa, ndege alikuwa mzima.

Simu ilikuwa bado inacheza. Sauti ya Albert ikasema, "Unasikia, Sepho? Anawaza minyi niko mwenzake."

Ndege aligeuza kichwa huku na huku, akimtafuta.

"Hata minyi namutafuta," Sephora alimwambia. Akalifunika tundu kwa kitenge chake, akalifunga kwenye pikipiki, na kurudi mjini polepole bila kumpita mtu.