Aliyesimama Wima Kwenye Kioo

Kila kitu kwenye kioo cha kamera kilikuwa kichwa chini miguu juu, na ndivyo ilivyotakiwa. Benchi la kurandia lilining'inia, anga lilikuwa chini, na binti aliyeketi kwenye kigoda alionekana kama popo. Mwanamke aliyekuwa nyuma ya binti huyo ndiye pekee aliyesimama wima.

Fundi alichomoa kichwa kutoka chini ya shuka jeusi. Uani palikuwa na binti yake tu, kigoda na maranda, na jua la mchana likiwaka kweli kweli.

"Baba, nipumue?"

"Pumua, mwanangu."

Kamera ile aliiunda mwenyewe. Tangu afiwe na mkewe, seremala huyu alikuwa hapati usingizi, na mikono ikikosa kazi ndipo mawazo yalipomvamia. Basi akachonga fremu mbili za mbao ngumu, akaziunganisha kwa ngozi nyeusi iliyokunjwakunjwa ili ivutike na kurudi. Mbele akatia lenzi aliyoing'oa kwenye mashine mbovu ya fotokopi, nyuma akaweka kioo alichokisugua kwa msasa hadi kikawa na ukungu. Lenzi aliifunika kwa kifuniko cha kopo la rangi ya viatu. Majirani walimtania kuwa amechonga jeneza la paka. Shida yake ilikuwa moja: mwanga uliingia taratibu, hivyo anayepigwa picha alipaswa kutulia tuli, asiseme wala asipumue. Kwa binti yule hiyo ilikuwa adhabu, maana walimwita Chiriku na hawakumsingizia.

Fundi akarudi chini ya shuka. Mwanamke alikuwa amesogea karibu, na sasa alimtambua kwa shingo iliyoinama kidogo na mkono kiunoni, vile vile alivyokuwa akisimama mlangoni kumwambia chakula kinapoa. Harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi ilimjaa puani. Mwenye akili timamu angekimbia. Yeye alijiziba mdomo akalia kwa furaha, maskini, kwa jinsi alivyomkumbuka mkewe.

"Kaa kidogo, mwanangu. Picha moja tu."

Ikawa ndiyo kazi yake. Mwanamke alikuja pale tu Chiriku alipotulia. Mtoto akijikuna, mwanamke anafifia. Kwa hiyo Fundi akamzoesha kutulia zaidi na zaidi. Picha alipozisafisha hazikuonyesha mwanamke yeyote, ila mtoto alizidi kupauka, mpaka kwenye ile ya mwisho mbao za ukuta zilionekana kupitia kifuani mwake. Fundi akailaumu dawa ya kusafishia. Na Chiriku akaacha kusema. Alikula bila kulalamika, na akaanza kwenda kukaa kwenye kigoda bila kuitwa.

Dada yake Fundi alipokuja kuwatembelea, alimshika mtoto shavu, kisha akamvuta ndugu yake pembeni.

"Huyu mtoto umemfanya nini?" alinong'ona.

"Dada, nimemwona mama yake. Kwenye kioo. Amesimama wima kabisa, si mgonjwa tena."

"Wima? Si ulituchosha masikio kwamba humo kila kitu kinapinduka?"

Fundi akageuka kuitazama kamera. Maana chochote kinachopita kwenye lenzi hupinduka, awe mtu au mti, na huyu hakupinduka, basi hakupita kwenye lenzi, hakuwahi kusimama uani, alikuwa humo humo ndani ya sanduku, kwenye giza la ile mikunjo ya ngozi, na siku zote hizo Fundi alipokuwa akilia na kioo kikimgusa pua, kitu kile kilikuwa upande wa pili wa kioo kikimtazama na kuvuta pumzi ambayo mtoto ameambiwa asivute.

Mganga aliyeitwa alikuwa bibi mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliinusa ngozi akakunja uso.

"Jini hili halina sura. Limevaa sura unayoililia, na mwili linauchota kwa mtoto."

"Niivunje kamera, bibi?"

"Ukiivunja litatoka na sura hiyo hiyo, lilale kitandani kwako. Lazima ulikane. Ulitazame usoni useme humjui mwenye sura hiyo. Na useme kwa moyo, mwanangu. Ulimi mtupu halitausikia."

"Nikisema kwa moyo, mimi nitabaki na nini?"

Bibi alimtazama Chiriku pale kigodani.

Fundi akaingia chini ya shuka. Uso ulikuwa umejaa karibu kioo kizima.

"Mzee wa Maranda," ulimwita jina alilopewa na mkewe, kwa sauti ambayo hakuna mwingine duniani aliyekuwa nayo, "umekonda. Nani anakupikia?"

"Sikujui," alisema Fundi, na uso ukacheka, kwa sababu alisema huku akiupapasa kwa vidole. Pembeni ya uso ule, kichwa chini miguu juu, kigoda kilionekana chote, hata pale mtoto alipokikalia, kupitia mwili wake, na macho ya mtoto yalikuwa yanafumba pole pole.

"Unaniacha tena?" uso uliuliza.

Ndipo Fundi akaingia ndani ya moyo wake, akachukua kila alichokuwa nacho cha mwanamke yule, kicheko, hasira, hodi yake, akakitupa chote nje, akasema, "Sikujui wewe. Sijawahi kukujua."

Ngozi ikapasuka kwa ukelele, kioo kikapata ufa, na harufu ya udongo ikakatika. Kigodani mtoto alikohoa, akauliza kuna chakula gani.

Jioni ile Chiriku aliongea mpaka shangazi yake akaziba masikio. Halafu akaleta picha ya harusi kutoka chumbani, akapanda kwenye paja la baba yake.

"Tuitundike ukutani, baba. Ona ulivyokuwa mwembamba! Na mama je, si amependeza?"

Fundi aliisogeza picha kwenye taa, akaitazama kwa muda mrefu.

"Amependeza sana," alisema kwa heshima.

Kisha, mtoto asisikie, akainamia sikio la dada yake, akamuuliza huyu mama anaitwa nani.